Rubani Aliyeniomba Nimshikie Waya

Najua utakavyonitazama nikimaliza. Nimeshatazamwa hivyo na paroko, na mwenyekiti wa kitongoji, na wanangu wa kuzaa mwenyewe. Basi nitazame, lakini sikiliza kwanza. Sikuwa nimeonja pombe ya rubisi siku ile. Sikuwa na homa. Jua lilikuwa bado lipo, limeinama tu upande wa Rwanda. Haya yalinipata mimi, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili kwenye shamba la mihogo huko Nemba, wilaya ya Biharamulo, na kama ni uongo basi mkono wangu huu wa kulia usingekuwa hivi ulivyo.

Mimi ni mwanamke wa Mbuba, Ngara. Nalima kahawa, migomba na maharage kidogo. Mume wangu alishatangulia. Zamani mtu akija kisimani na habari za wafu wanaotembea, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumcheka. Nilikuwa nasema, aliyekufa amepumzika, ana shida gani tena na sisi tunaochota maji?

Nilikuwa na binti anaitwa Domitila. Ndiye kitinda mimba wangu. Alikuja baada ya wawili waliokufa wangali wachanga, kwa hiyo nilimlea kama mtu anayebeba mayai kwenye njia ya utelezi. Akakua, akasoma, akawa muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya huku kwetu Ngara. Ungemwona! Mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Wanawake wa vijiji vya mbali walikuwa wakifika kituoni wanauliza kwanza, "Yule mwenye kelele yupo?" Wakiambiwa yupo, uchungu unapungua nusu.

Siku hiyo palikuwa na binti mmoja wa kijiji cha Mugoma, mimba yake ya kwanza, mapacha, na damu ilikuwa inatoka isivyopaswa. Daktari akasema huyu afike Mwanza, na kwa gari hatafika. Kulikuwa na ndege ndogo iliyokuwa inabeba wagonjwa mahututi, ndege ya injini moja, ya shirika ambalo sitalitaja. Ikaitwa. Mgonjwa hawezi kusafiri bila mtu wa kumwangalia, na zamu ilikuwa ya Domitila.

Alinipigia simu akiwa kiwanjani. "Mama, leo napanda ndege! Niombee nisitapike."

Nikamwambia, "Shika rozari yako."

Akasema, "Rozari nitaishikaje, Mama, na mikono yote miwili nimemshika mgonjwa?" Akacheka. Nyuma yake nilisikia mwanamume akisema, "Dada, tuingie." Simu ikakatika.

Ndege ilianguka Nemba. Hapakuwa na mvua wala ukungu, mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Watu waliokuwa wakipalilia waliiona ikija, wakasema ilikuwa inainamisha pua kidogo kidogo, kama ng'ombe anayetaka kunywa maji, kisha ikaenda chini moja kwa moja. Ikagonga mti, ikakata kichwa cha ule mti, ikalala kwenye mihogo. Hakutoka mtu. Rubani, binti wa Mugoma na mapacha wake tumboni, na Domitila wangu.

Walituletea jeneza lililopigiliwa misumari, wakatuambia tusilifungue. Tukamzika mgombani pembeni ya baba yake. Mimi nilizika mbao. Nasema ukweli. Mama ambaye hakumwona mwanawe usoni hajazika mtu, amezika mbao.

Sasa sikiliza habari za rubani. Jina lake Idrisa, kijana wa Biharamulo mjini, wa familia ya Kiislamu ambayo iko pale tangu enzi za babu zao. Watu wa uchunguzi walikuja, wakapiga picha, wakapakia mabaki kwenye lori, wakasema kazi inaendelea, wakaondoka. Na watu wakikosa habari huzitengeneza wenyewe. Maneno yakaanza sokoni, yakapanda kwenye mabasi, yakafika mpaka Mbuba: yule kijana alikuwa anajionyesha. Alishusha ndege chini ili watu wa kwao wamwone, mama yake apige vigelegele, ndipo ikamshinda. Ningeyakataa kwa lipi? Niliyameza. Nikamchukia yule kijana, nami sikuwahi hata kuiona sura yake. Jina lake likitajwa kwenye redio nilikuwa naizima.

Baada ya arobaini, usingizi ulinikataa kabisa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na usemi wake, kwamba aliyefia njiani hafiki nyumbani mpaka umletee udongo wa pale alipoangukia. Nikawaambia wanangu nakwenda Nemba. Wakabisha. Nikapanda gari mpaka Nyakanazi, kisha nikachukua bodaboda.

Lile shamba lilikuwa la mwanamke mmoja Msukuma, wanamwita Mama Kabula. Mtu mwema sana. Nilipomwambia mimi ni nani, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kalibu, dada yangu. Kalibu. Pore sana, pore sana." Akaniandalia uji, sikuweza kuunywa. Akanipeleka shambani. Mihogo ilikuwa imeanza kuchipua tena pale palipoungua, majani mabichi yanang'aa bila haya. Akanionyesha ule mti usio na kichwa. Akanionyesha mahali penyewe. Kisha akasema, "Nikuache uongee naye. Nakwenda kufunga mbuzi, nitakuita."

Akashuka kwenda kwake, si mbali, nilikuwa naliona bati lake. Nikapiga magoti, nikaanza kuchimbua udongo kwa vidole na kuutia kwenye leso. Niliongea na mwanangu. Niliyosema si yako, niachie.

Nilipoinua uso, palikuwa na kijana amechuchumaa chini ya ule mti.

Akasimama upesi, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Unaona? Nilimwitikia kabla sijajua namwitikia nani. Hilo bado linanitisha. Shikamoo ni kitu kidogo, mtu anaitikia bila kufikiri, na mimi nilishamwita mwanangu.

Alikuwa amevaa shati jeupe lenye alama nyeusi mabegani. Nikadhani ni mmoja wa watu wa uchunguzi amerudi. Upepo ulikuwa unavuma, ule upepo wa jioni unaoyapindua majani ya mihogo yaonyeshe tumbo. Majani yote yalikuwa yanacheza. Shati lake lilikuwa limetulia kama limechorwa.

Na mkono wake wa kulia. Alikuwa anauvuta kuelekea kifuani, taratibu, kwa nguvu, kisha anauachia, kisha anauvuta tena. Hakuwa anautazama. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake wenyewe, kama wa mtu anayevuta ndoo kisimani huku akiongea na jirani.

Akasema, "Mama, samahani. Nimeomba watu wengi wanakimbia. Nishikie hapa kidogo."

Akaninyooshea mkono wa kushoto, vidole vimebana kitu. Hapakuwa na kitu. Nilikiangalia kile kisichokuwepo, nikamwangalia usoni, na moyo ukaniambia huyu mtoto wa watu amerukwa na akili kwa msiba. Labda naye alikuwa na wake mle ndani. Ungefanyaje wewe? Ungekimbia? Mimi nina umri huu, nimewaogesha wagonjwa na maiti, siwezi kumkimbia kijana anayelia bila machozi. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia nikashika.

Niamini. Kilikuwepo. Kilikuwa chembamba kuliko kidole, cha baridi, kimesokotwa, chenye mafuta. Waya. Niliubana, na niliuona mkono wangu mtupu, lakini kiganja kilikuwa kimejaa.

"Usiachie," akasema. Akarudi nyuma hatua chache, akavuta. Ule waya ukakaza mpaka nikayumba, nikakita miguu kwenye udongo. Uzito uliokuwa upande wake ulikuwa mkubwa, mzito kuliko mtu. Halafu, tap! Sikusikia kwa sikio, nilisikia kwa mfupa. Waya ukalegea mkononi mwangu kama nyoka aliyekatwa kichwa.

Alibaki amesimama, mkono umefika kifuani.

"Umeona, mama?" akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Usukani wangu unavuta waya, waya unapita chini ya sakafu mpaka mkiani, na mkia ndio unaoinua kichwa cha ndege. Nilivuta. Hapakuwa na mtu upande wa pili. Nilivuta mpaka nikafika chini, bado navuta."

Hapo ndipo nilipojua. Nywele zilinisimama, ndiyo. Lakini unajua kilichotangulia kabla ya hofu? Hasira. Kila kitu nilichokuwa nimemeza tangu siku ya jeneza kilipanda.

"Wewe ni Idrisa," nikasema. "Ulishusha ndege kumwonyesha mama yako!"

Aliinamisha kichwa. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mama yangu hakuwepo Biharamulo siku ile. Alikuwa Chato, kwenye msiba wa mdogo wake. Alinipigia asubuhi akaniambia nyumba ameifunga na funguo ameweka kwa jirani. Ningemwonyesha nani, mama? Ningewaonyesha kuku?"

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ningekushika bega kama ungekuwa karibu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimekuelewa, mwanangu, pumzika. Badala yake nikauliza. Mama gani asingeuliza?

"Binti yangu. Muuguzi. Alikuwaje?"

Mkono wake ukavuta, ukaachia.

"Alikuwa amempigia magoti mgonjwa, amefungua mkanda wake ili amshike vizuri. Aliona tunainama. Akaniuliza, 'Kaka, tumefika?' Nikamwambia ndiyo, dada, tunashuka, mshike mgonjwa. Nikamdanganya. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Akamwambia mgonjwa, 'Unasikia? Tumefika.' Halafu akaniambia mimi, 'Asante, kaka.'"

Sikulia. Ningeweza kukwambia nililia, ingependeza, lakini sikulia. Nilikaa chini kwenye udongo.

Akasema tena, taratibu, "Huo waya upo, mama. Wamefungia mbuzi. Yule jike mwenye doa jeupe usoni. Mpelekee mama yangu."

Kule chini Mama Kabula akaita, "Dadaaa! Giza linaingia!" Nikageuza shingo kumwitikia. Kugeuza shingo tu. Niliporudisha macho palikuwa na mti na mihogo, na upepo.

Nilishuka mpaka kwa Mama Kabula, sijui nilishukaje. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye vigingi nyuma ya jiko. Wengine kwa kamba za katani, wengine kwa vitambaa. Jike mwenye doa jeupe usoni alikuwa amefungwa kwa waya. Mwembamba, umesokotwa. Nilipougusa, kiganja kiliutambua kama unavyotambua mkono wa mtu gizani.

Nikamwuliza Mama Kabula umetoka wapi. Akabadilika sura. Akaanza kwa kusema hajui, kisha akakaa kwenye kinu akaanza kulia.

"Mume wangu aliuokota kichakani, bondeni huko. Siku nyingi zimepita, wale wa uchunguzi wameshaondoka. Akasema ni chuma kizuri, kisipotee. Dada, hatukuiba. Watu wengine walichukua mabati na viti. Sisi ni huo tu."

Nikamwambia sijaja kumshitaki. Nikamfungua mbuzi mwenyewe. Mwisho mmoja wa ule waya ulikuwa umepindwa kwa nyundo kutengeneza kitanzi. Mwisho mwingine ulikuwa umetawanyika, nyuzi nyembamba kama nywele, nyingine zimelika na kuwa nyeusi, nyingine zinang'aa. Mimi si fundi wa ndege, sikujua maana yake. Nilijua tu nimeambiwa niupeleke wapi.

Kesho yake nikaenda Biharamulo mjini. Nyumba ya mama yake Idrisa sikupata shida kuipata. Nilimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika udaga wa mihogo, akanielekeza kwa kidevu tu bila kutaja jina, na hapo nikajua jinsi alivyokuwa anaishi.

Nilipiga hodi mara nyingi. Akafungua mwanamke wa rika langu, amejifunga khanga kichwani, macho yameingia ndani. Nikamwambia, "Mimi nimetoka Mbuba. Ni mama yake Domitila, yule muuguzi."

Alishuka magoti pale pale mlangoni, akanishika miguu. "Nisamehe, mama. Nisamehe kwa niaba ya mwanangu. Sijui kilimpata nini. Nilimlea vizuri, wallahi nilimlea vizuri." Wapita njia walikuwa wanatazama. Sijui ni nguvu gani nilipata, nikamwinua, nikaingia naye ndani, nikafunga mlango.

Tukakaa kwenye mkeka. Nikamwuliza jambo moja tu kabla ya yote. "Siku ile ndege ilipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Chato," akasema. "Nilikuwa namzika mdogo wangu. Habari za Idrisa zilinikuta nikiwa kwenye matanga ya mdogo wangu. Nyumba hii ilikuwa imefungwa, funguo nilimwachia jirani. Wanaosema mwanangu alikuja kunionyesha ndege, huyo jirani wangemwuliza. Hakuna aliyemwuliza."

Basi nikamweleza. Nikamweleza shati, na upepo, na mkono, na nilichoshikishwa. Sikumficha hata kile nilichomtukana mwanawe. Kisha nikafungua mfuko nikautoa waya nikauweka mapajani mwake.

Aliushika. Akauzungusha mkononi taratibu, akauleta puani, akaunusa. Ulikuwa unanuka mbuzi, utanuka nini kingine? Akaukumbatia hivyo hivyo, akaanza kuyumba mbele na nyuma kama anayembembeleza mtoto. Tulikaa. Muadhini aliadhini, akamaliza, hatukusimama.

Halafu akaniinulia uso. Akasema, "Kwa nini amekujia wewe? Kwa nini si mimi? Mimi namwita kila siku."

Tulirudi Nemba pamoja, yeye na mimi, siku chache baadaye. Alitaka kumwona. Tukasimama chini ya ule mti tangu jua likiwa juu mpaka likazama. Yeye alikuwa amemletea chapati zimefungwa kwenye kitambaa, maana alizipenda. Alimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo sitalitamka kwa sababu aliniomba. Alimwita kwa upole, kisha kwa ukali, vile unavyomwita mtoto aliyechelewa mchezoni. Niliinua mkono wangu wa kulia mimi mwenyewe, nikaunyoosha hewani mbele yangu kama mjinga, nikasema, "Idrisa, nipe nishike, mama yako yuko hapa." Hakuna kilichokuja. Upepo tu, na khanga ya mama yake ikicheza kwenye upepo. Mama Kabula ndiye aliyekuja na tochi akatuchukua sote wawili kwa mkono.

Ule waya tuliukabidhi serikalini, tukiongozana. Sikusema nani aliniambia uko wapi. Nilisema niliukuta umefungia mbuzi. Ningesema nini? Baada ya miezi mingi alikuja kijana wa uchunguzi mpaka Mbuba, kijana mstaarabu, akavua viatu mlangoni. Alinieleza bila haraka.

"Mama, huu ni waya wa usukani kweli, ule unaokwenda mkiani. Na umelika, ni kweli. Huenda ulikatika angani. Lakini huenda pia ulikatika ndege ilipogonga mti. Tungeukuta pale ulipoangukia, tungeweza kusema. Umeokotwa, umepindwa, umegongwa nyundo, mbuzi ameuvuta kwa wiki nyingi. Hatuwezi kuapa. Tumeandika huenda."

Huenda. Mwanangu amelala mgombani, na mtoto wa mwenzangu amelala Biharamulo, na juu yao pamewekwa neno hilo. Nilitaka kumpigia kelele yule kijana. Nilitaka kumwambia, mimi nimeushika! Nimeusikia ukikatika kwa mfupa wangu! Nikampa kahawa, akaondoka.

Nilipompigia mama yake Idrisa kumweleza, nilidhani ataanguka. Aliniomba nilirudie lile neno. Kisha akasema, "Zamani walikuwa wanasema ni yeye, hakika. Leo wanasema huenda. Dada, mimi nitalalia hiyo huenda." Sasa majirani wanamsalimia, baadhi yao. Yule wa udaga bado.

Mimi na yeye tumekuwa ndugu. Idi nakwenda kwake, Krismasi anakuja kwangu. Hatuongei sana. Mara nyingine ananiomba nimsimulie tena, nami namsimulia tangu ile shikamoo, na kila nikifika kwenye wale kuku anacheka na kulia kwa pamoja.

Udongo wa Nemba niliuleta, nikaumwaga kwenye kaburi la Domitila. Kama bibi yangu alisema kweli, basi amefika. Usingizi umerudi kidogo. Lakini mkono huu, uangalie. Unaona mstari huu katikati ya kiganja, mweupe? Haukuwepo. Nimekwenda hospitali, wakaniambia mishipa ni mizima. Paroko ameupaka mafuta matakatifu. Kila jioni, jua likianza kuinama, kiganja kinakuwa cha baridi na vidole vinajikunja vyenyewe, na nasikia kitu upande wa pili kinavuta. Jembe linanitoka. Kikombe kinaanguka. Wajukuu wameshazoea, jioni hawanipi mtoto mchanga kumbeba. Nami nakaa pale barazani, nimekunja ngumi, nashika. Wananiuliza unashika nini. Nawaambia niacheni.

Nimemaliza. Amini au usiamini, hilo ni lako. Ila nikuombe mambo mawili, na usiyachukulie kuwa ni maneno ya bibi kizee. Ukikuta chuma mahali watu walipofia, hata kiwe kizuri namna gani, hata mbuzi wako awe amekata kamba, usikiguse. Simama mbali, ita wenye kazi yao. Huwezi kujua umeokota maneno ya nani.

Na la pili. Siku moja jioni kijana mwenye adabu akikuomba umshikie kitu usichokiona, mshikie, usimkimbie, ni mtoto wa mtu. Lakini usimwulize habari za mwanao. Nakuomba sana, usiulize. Mimi niliuliza. Sasa najua kwamba mwanangu alidhani amefika, na akashukuru. Watu wananiambia hiyo ni faraja. Labda. Huwa naamka na sauti yake ikisema asante, naitafutia mahali pa kuiweka, sipapati.